Mzinga wa Mwalimu Astrida

Nta ikipata joto hutoa harufu tamu yenye ukali kidogo, na harufu hiyo ndiyo iliyotupokea kila tulipoingia jumba la sanaa la mtaa wa Shanwe, mwaka nilipokuwa darasa la nne, katika miaka ya tisini. Zamani lilikuwa ghala la mahindi. Mwalimu Astrida, aliyerudi Mpanda baada ya kusomea sanaa, alilipaka chokaa, akatundika picha ambazo watu wazima walizitazama kwa kuinamisha shingo upande, na kwa nyuma akatenga chumba cha watoto. Humo tuliruhusiwa kugusa kila kitu. Kulikuwa na mikeka, mito iliyojazwa sufi, udongo wa kufinyanga, na katikati mzinga wa magome, mkubwa kiasi cha mtoto kuingia akitambaa. Mwalimu aliupaka nta halisi kwa ndani, na nyuma yake akaficha redio kaseti iliyotoa mvumo wa nyuki. Alitaka tujue maisha yakoje ndani ya mzinga.

Wenzangu waliupenda. Mimi niliuogopa. Baba alikuwa mrina asali, na msimu uliotangulia alikwenda msitu wa Ugalla na baba mdogo, akarudi na mwili wa mdogo wake juu ya baiskeli. Upepo ulipoinua shuka niliuona uso ule, umevimba hadi macho hayaonekani. Tangu hapo hata kaseti ilinikausha mate. Nilikuwa nafinyanga karibu na mlango, huku mdogo wangu Sabina, ambaye hakuwa ameanza shule, akijilaza ndani ya mzinga hadi akasinzia.

Alasiri moja ya joto, kabla ya mvua za kwanza, umeme ulikatika kama kawaida ya mji wetu wakati ule. Feni ikasimama. Watoto wakaendelea kuchora. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini ngozi ilikuwa inanisisimka: redio ilikuwa imezimika, lakini mvumo haukukoma.

Nilimwendea Mwalimu dirishani. "Mwalimu, hao ni nyuki wa kweli. Na Sabina yumo."

Alisikiliza, uso ukambadilika. Aliwatoa wengine nje kwa ishara ya mkono, kisha akajaribu kuingia mwenyewe, lakini mabega yake hayakupita. Nikaingia mimi. Mwisho wa mzinga, juu ya miguu ya Sabina, kundi zima lililovutwa na harufu ya nta lilikuwa limening'inia, jeusi, likitikisika. Baba alitufundisha kwamba nyuki huchukia kelele na pumzi, kwa hiyo nilipumua kwa pua, kidogo kidogo. Sabina alikuwa amefumbua macho. Nyuki mmoja alikuwa anatembea shavuni mwake.

"Dada, inatekenya."

"Usiinue mkono. Nitazame mimi tu."

Nilimvuta kwa gauni, taratibu. Nyuki yule akapanda hadi kwenye kope, akasimama. Sabina hakupepesa. Kisha nyuki akaruka zake, nasi tukatoka.

Tulikuwa hatujaufikia mlango upepo ulipobamiza dirisha la bati. Mvumo ukapanda ghafla. Mwalimu alitufunika kwa kitenge chake, akatusukuma uani, akaufunga mlango yeye akiwa ndani ili nyuki wasitufuate. Tulimsikia akijigonga ukutani, kisha kimya. Wanaume walipokuja na moshi kumtoa, sikumtambua.

Alipona, baada ya wiki nyingi hospitalini. Baba alikuwa akimpelekea uji. Siku moja nikiwa nimebeba chupa ya chai nilimsikia akimwambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hata mama hakulijua: "Wewe uliwafunika. Mimi nilimkimbia mdogo wangu." Mwalimu alimshika mkono tu. Wazazi hawakukubali tena watoto wao kwenda pale, na jumba likarudi kuwa ghala.

Hivi karibuni mimi na Sabina tulimpeleka mwanangu kwenye makumbusho ya sanaa mjini. Chumba cha watoto kina sofa, skrini za kugusa, na spika zinazotoa sauti za msitu. Mhudumu alitukaribisha tupumzike. Sabina alijitupa kwenye mito pamoja na mwanangu. Yeye anasema kwamba katika siku ile anakumbuka usingizi tu, na kwamba ulikuwa mtamu. Mimi nilikaa ukingoni mwa sofa, miguu imeelekea mlangoni, nikiwaangalia wanavyocheka, hadi walipochoka wenyewe.