Wakubwa Wameongezeka, Ng'ombe ni Wetu

Nakumbuka mwaka wa unga wa njano. Sisi miaka tunaihesabu kwa kilichokuwa chunguni, na mwaka ule mvua iligoma, mtama ukakauka, mihogo ikaisha, tukala ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo kwa meli. Mwanangu, ule ugali ulinukia gunia. Tuliula, tukashukuru, maana njaa haina adabu. Lakini vijana wa kijijini, badala ya kutafuta mbegu, wakaanza kugombana: hawa wanasema Mmarekani ndiye baba, wale wanasema Mrusi ndiye baba. Na mtu baba yake mzazi yuko ndani anakohoa.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe pale Butiama, ila usingewakuta wote kwetu. Wengine walikuwa Bunda kwa rafiki yake Masatu, wengine kwa shemeji yake huku ziwani. Ndivyo wazee walivyokuwaga: ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona. Anayekutunzia ananywa maziwa, anachukua mbolea, na siku moja moja unampa ndama. Ng'ombe anabaki wako.

Njaa ilipokaza, Masatu akaja na debe la mtama. Tulimpokea kwa vigelegele. Alipokwisha kunawa akasema, "Rafiki yangu, huyo shemeji yako hajui kuchunga. Walete wote kwangu."

Kaka yangu mkubwa akadakia, "Baba, tumpe. Huyu katukumbuka. Shemeji yako hata salamu hatumi."

Baba alimtazama mpaka akashusha macho. "Wewe unabadilisha mchungaji, au unabadilisha mwenye mali?" Kisha akamgeukia Masatu, akamshukuru kwa mtama, akamwongezea mtamba mmoja wa kumtunzia. Ng'ombe wa ziwani wakabaki ziwani. Masatu akacheka, "Mzee mgumu wewe," na urafiki wao ukaendelea mpaka kaburini.

Sasa nisikilize, maana nina hasira na sitaificha.

Mimi niliolewa huku Murangi. Kwenye miamba ya ufukweni ndipo sisi wanawake tunaanika dagaa. Baba zenu na mama zenu walisomeshwa na miamba ile. Juzi mjukuu wangu Magesa, anayekaa mjini, Kitaji, kaja na bodaboda, viatu vinang'aa.

"Bibi, dunia imegeuka. Siku hizi Mzungu hayuko peke yake. Kuna Mchina, kuna Mhindi, Mturuki, Mwarabu. Wageni niliowapata mimi hawakututawala, wala hawatufundishi kuishi. Wanaomba ule ufukwe tu."

"Kwa muda gani?"

"Miaka tisini na tisa. Ndiyo kawaida, Bibi."

"Wewe utakuwa na miaka mingapi?"

"Bibi na wewe bwana," akacheka. Mimi sikucheka.

Nikamwambia: Kusoma kote kule, Magesa, na bado hujui kwamba wakubwa wakiwa wengi ndipo mwenye ng'ombe anapata nafasi ya kuchagua? Huyu akikubana bei, unamwendea yule. Ninyi mmepata marafiki wengi, halafu mnakimbilia kumpa mmoja zizi zima, eti kwa sababu hakuwahi kutuchapa. Fisi ambaye hajala mbuzi wako hajawa mchungaji. Na aliyetutawala jana asije leo kunitisha kwamba hawa wapya ni wabaya. Naye alikamua mpaka damu. Ninawakatalia wote wawili kwa mdomo mmoja.

Mwanangu, pokea mtama wa kila mtu na useme asante. Fanya biashara na Mashariki, fanya na Magharibi, jifunze lugha zao, waoe ukitaka. Usimchukie mgeni, wala usimwabudu. Ila ukisikia neno "wote" au neno "kabisa", simama, uliza nani atabaki na ndama. Mkopaji hodari si muuza shamba.

Mungu akupe marafiki wa pande zote za ziwa na macho ya kuwaona. Akupe uzao, na uzao wako upate mahali pa kuanika.

Jana kwenye mkutano wa kijiji nilisimama mbele ya Magesa na wageni wake, nikasema: Njooni mnunue dagaa. Miamba hatutoi. Mwenyekiti akaniomba, kwa heshima, nikalale nikafikiri upya, maana wanawake wenzangu wanasubiri neno langu.

Nimelala, nimefikiri. Njooni mnunue dagaa. Miamba hatutoi.