Mwenye Wembe Siku ya Arobaini

Daktari aliponiambia kwamba mkono wangu wa kulia unatetemeka kwa sababu ya ugonjwa uitwao Parkinson, nilimuuliza kama ni mkono wote au vidole tu, kana kwamba angenipunguzia. Mimi ni kinyozi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimenyoa vichwa vya mtaa wa Cheyo, na mtoto wa mtaa wetu akifikisha siku arobaini, nywele zake za uzazi aghalabu nilizitoa mimi. Nilikuwa na maringo kwa hilo, na sikuyaficha.

Ugonjwa ulipojulikana, wateja wakaanza kupata dharura. Mtu anaingia, ananisalimia, anautazama mkono, halafu anakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Wote walivuka barabara wakaenda kwa jirani yangu, kinyozi ambaye kwa miaka ishirini nimekuwa nikimtangaza kwamba ananyoa kama anayechuna mbuzi.

Wakati huohuo binti yangu alijifungua mjukuu wangu wa kwanza. Akaniambia, "Baba, siku ya arobaini utamnyoa wewe." Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Kisha nikautazama mkono wangu, nikaogopa.

Hospitali walinipeleka mazoezini. Nilitarajia kuchuliwa kwa mafuta. Badala yake nilikuta televisheni kubwa na kamera chini yake. Ukiinua mkono, kijitu kilichomo ndani nacho kinainua. Kijitu changu kilikuwa na nywele nyingi zilizonyolewa ovyo, nikajua tumeanza vibaya. Mtaalamu aliyesimamia mazoezi alikuwa mwanamke kutoka Ziba, kwa wafugaji, mpole, ila sauti yake ilizoea kuita ng'ombe malishoni.

"Shikamoo baba. Matunda yataanguka kulia na kushoto. Piga hatua, uyapokee."

Ya kulia niliyapokea. Ya kushoto nayo niliyakimbilia kwa mkono uleule wa kulia, nikijipinda kiuno, maana nililelewa nikijua kwamba kitu hakipokelewi kwa kushoto. Mara mbili nilitaka kuanguka, na matunda yote ya upande ule yakaishia chini. Mtaalamu aliandika kitu kwenye karatasi, kwa uso wa huruma.

"Baba, mkono wa kushoto una shida gani?"

"Hauna shida. Una adabu."

"Hii ni mashine, baba. Haitakusema msikitini."

Nikamwomba Mungu radhi, nikapokea papai kwa kushoto. Ndipo mchezo ukanikolea. Mara tatu kwa wiki nilipanda bajaji kwenda kugombana na matunda. Miguu iliyokuwa inaganda mlangoni ikaanza kutii, nikaacha kushika kuta, na alama zangu nikawa nazitangaza kwenye baraza la msikiti mpaka watu wakawa wanasali sunna ndefu ili wasinikute nje.

Mtaalamu alinionya mapema. "Mchezo huu ni wa miguu na wa kusimama bila kuyumba. Kutetemeka kwa mkono ni jambo la daktari na dawa zako. Usije ukachanganya, baba." Nilimsikia vizuri kabisa. Niliamua tu kwamba hajui ninavyoponaga.

Siku chache kabla ya shughuli nilijijaribu. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi, lakini mimi nilikuwa na alama nyingi. Nilijikata kidevuni mara tatu. Nikaulaumu wembe, kisha nikakilaumu kioo, na nilipokosa kingine cha kulaumu nikabandika vipande vya gazeti, nikaenda kunywa kahawa.

Siku ya arobaini ilifika. Uani palifukizwa ubani, pilau iko jikoni, wageni wamejaa mikekani, na jirani yangu kinyozi amekaa miongoni mwao kwa heshima zake. Niliinuka bila kushikwa. Nikatembea mpaka kwa binti yangu bila kuburuta mguu, wazee wakasema mashaallah, nami nikapunguza mwendo kidogo ili waseme tena.

Nikauchovya wembe majini, nikauinua. Ukaanza kucheza. Matone yaliruka kutoka kwenye ncha yake yakaangukia nguo ya mtoto, moja baada ya jingine. Wageni walianza kutazama mikeka, vidole vyao, paa. Hapa kwetu mzee haambiwi mbele za watu kwamba hawezi.

Binti yangu alininyooshea mwanawe, kichwa kikiwa upande wangu. Mikono yake ilikuwa imetulia.

"Bismillahi, baba," alisema.

Nikamtazama ili nimtolee tabasamu la fundi. Alikuwa amefumba macho, ameyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

Nilisimama pale juu ya miguu yangu mizuri, na aibu iliyonipata haikuletwa na ugonjwa. Mwanangu alikuwa tayari mtoto wake akatwe, mradi mimi nisivunjiwe heshima. Na mimi nilikuwa karibu kumwachia afanye hivyo, kwa ajili ya mashaallah mbili.

Nikamgeukia jirani yangu. "Ndugu yangu," nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "njoo uninyolee mjukuu. Mkono wangu hauwezi."

Alikuja polepole, akaupokea wembe. Binti yangu hakufumbua macho mpaka aliposikia jirani akisema bismillahi, akajua wembe umeshanitoka mkononi.