RAM ya Baba Mkwe

Vijana wanaokuja kwenye duka langu la steshenari na ufundi wa kompyuta, Kyela mjini, huuliza swali lile lile: nikiongeza RAM, gemu litakwenda kasi? Jibu langu lilikuwa moja, tena nililitoa bila kuinua macho. RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, si dawa ya kila ugonjwa. Kama kadi yako ya picha ni dhaifu, hata ukiongeza kumbukumbu hadi nafasi zote zijae, mambo yatakuwa yale yale. Wengi waliondoka wamenuna. Sikujali, kwa sababu nilikuwa nasema kweli, na mimi nikiwa na ukweli mkononi huwa sina subira na mtu.

Aliyenipunguza kiburi ni baba mkwe wangu, na hakukusudia.

Tunaishi Ndandalo, kwenye nyumba moja ndefu: upande mmoja wakwe zangu, upande wa pili mimi na mume wangu, ukuta katikati. Siku hizi familia nyingi za Kinyakyusa zimelegeza mambo ya ukwe. Mke anampa mkono baba wa mumewe, na hata meza moja wanakula. Kwetu bado. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, hana ugomvi na dunia ya leo, lakini hili hakulilegeza. Hatutazamani, hatukai chumba kimoja, hatusemezani. Akikaribia kona ya nyumba anakohoa, nami napisha njia. Neno lake kwangu hulileta mama mkwe, na langu kwake hulipeleka yeye huyo huyo. Mwaka wa kwanza nilishukuru, maana rafiki zangu walikuwa wakilalamika juu ya wakwe wanaofunua kila sufuria. Baadaye nikaanza kuuona upweke wa kuishi na mtu unayemjua kwa kikohozi tu.

Gemu la mpira lililetwa na mume wangu. Aliunganisha kompyuta mbili kwa waya uliopita kwenye tundu la ukutani, ili acheze na baba yake. Mzee alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, alipiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, kwa hiyo kibodi haikumsumbua. Kisha mume wangu akapata kazi Mbeya, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Jumapili moja baada ya ibada nilikaa kwenye kiti chake, nikawasha gemu. Baada ya muda timu ya mzee ikaingia uwanjani. Alijua ni mimi, kwa kuwa mwanawe hakuwapo. Tulicheza mechi tatu na hakuna mwiko uliovunjwa, maana hakuna aliyemwona mwenzake.

Tangu hapo Jumapili alasiri ikawa yetu. Nilimfahamu baba mkwe kwa uchezaji wake. Ni mtu wa pasi fupi, mvumilivu, hachezi rafu hata akiwa nyuma, na akipata bao la bahati anawahi kuanzisha mpira upya, kama anayeona haya. Mimi nacheza rafu. Naamini na yeye alinifahamu.

Krismasi iliyopita mume wangu alituwekea toleo jipya la gemu, na mzee akaanza kufungwa. Sita bila. Saba moja. Wachezaji wake walikuwa wakisimama katikati ya uwanja wamezubaa, nami nawapokonya mpira, naenda kufunga. Nilidhani uzee umemfikia. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahia.

Asubuhi moja nilikuwa nageuza kakao juani, mama mkwe akaja akasimama pembeni ya mkeka. "Mzee anasema vidole vyake vimekwisha," aliniambia. "Kompyuta umpe mtu mwingine." Akaongeza, hilo likiwa lake mwenyewe, kwamba hata barua za kanisa mzee ameacha kuzichapa, anakaa tu akiitazama mikono yake.

Mechi zile zikikoma, kati yangu na yule mzee kitabaki kikohozi. Na yeye atabaki na nini, karani aliyeamini kwamba mikono yake imemsaliti?

Nikamuuliza mama mkwe anaona nini kwenye kioo mzee anapocheza, kwa kuwa yeye hukaa nyuma yake akichambua mchele. Alisema wale watu husimama kama wamepigwa picha, halafu ghafla unawaona kwingine na mpira hawana tena, na muda wote huo mzee anabonyeza.

Niliacha kakao pale pale. Fundi mzima, nashinda nikifungua kompyuta za watu nisiowajua, na sikuwahi hata siku moja kukiona kioo cha baba mkwe akiwa anacheza. Akiwa chumbani mimi siingii. Mashine yake ilikuwa inakwama, nami nilikuwa namwibia mzee wa watu mabao kila Jumapili.

Alhamisi alikwenda kwenye kikao cha kanisa. Mama mkwe akanifungulia chumba, akasimama mlangoni kulinda njia. Ndani ya kompyuta nilikuta kipande kimoja cha RAM, cha gigabaiti mbili, na mzee hana tabia ya kufunga kitu: nyimbo za kwaya wazi, barua wazi, kila kitu wazi, na toleo jipya la gemu ni zito kuliko la zamani. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta inahamishia kazi kwenye diski, na diski yake ni ya polepole. Ni kama mpishi mwenye meza ndogo, kila kiungo lazima akifuate stoo. Hapo ndipo watu husimama uwanjani.

Nilikuwa nimebeba vipande viwili vya aina ile ile, nilivyovitoa kwenye kompyuta iliyokufa dukani. Nikavisugua meno kwa kifutio cha penseli kutoa uchafu, nikavichomeka, nikawasha. Ikalia mlio mrefu na kioo kikabaki cheusi. Mama mkwe akashika kichwa. Nilizima, nikavikandamiza upya hadi vikabana, ikawaka.

Nikamwomba ampelekee mzee maneno haya: vidole vyake havina kosa, kompyuta ndiyo ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Asitegemee wachezaji wake kuongeza mbio wala picha kupendeza zaidi. Wataacha tu kusimama. Jibu lililorudi lilikuwa "haya" peke yake, nikajua hakuamini. Alidhani mkwe anamfariji.

Hata hivyo Jumapili aliingia uwanjani. Pasi fupi, pasi fupi, hakuna aliyesimama. Dakika ya kumi alinifunga bao safi, hata kipa sikuweza kumlaumu. Sikumlegezea, kwani kumlegezea kungekuwa kumtukana. Nilisawazisha, nikacheza rafu zangu kama kawaida, na mwishoni kabisa nikapata la pili. Mbili moja.

Halafu sauti ikaja kupitia ukutani, nzito na ya taratibu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeisikia ikisali na kuzungumza na wengine, lakini haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Leo umenifunga wewe, mwanangu," alisema. "Siyo mashine."

Mama mkwe alikuwa tayari amefika mlangoni kwangu, kama kawaida yake baada ya mechi, kuniletea atakachosema mzee. Alinitazama, akaona hana cha kuleta, akarudi zake jikoni.

Nilibonyeza mechi nyingine, nikalia kipindi chote cha kwanza, na yule mzee akanifunga mawili nikiwa sioni kioo.