Nafasi Walizoniachia Waitikiaji

Sauti ya kinu ndiyo inayonirudisha Kamina. Nikisikia mahali popote mtu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mara moja niko tena uani kwetu kwenye kambi ya jeshi, vumbi jekundu miguuni, harufu ya samaki wakavu wa Kinkondja, kwao mama, imejaa hadi kwenye nguo za shule. Mama alitwanga kwa mapigo ya muziki. Hakuweza kutwanga kama watu wengine, na baba, sajenti mpole aliyependa kula mapema, alilalamika kwamba sombe ya nyumba hii haiivi mpaka wimbo uishe.

Ilikuwa miaka ya Zaire, na okestra ya kambi ilikuwa na mwimbaji mmoja mwenye suti na waitikiaji watatu nyuma yake: mama yangu, Mama Odile wa Bandundu na Mama Kabedi wa Kasai, wote wake za wanajeshi. Yeye aliita, wao wakaitikia. Redio ikipiga nyimbo zile, sifa zote zilikwenda kwa yule bwana. Bibi yangu wa Kinkondja, mzaa mama, alikuwa hamung'unyi maneno. Alipokuja kututembelea alimwambia mama mbele yetu sote, "Ule anaimba iko mwanaume. Weye uko wapi?" Mama alicheka, lakini nilimwona akiinama kupanga samaki ambao walikuwa wameshapangwa. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: mama yake amsikie redioni kabla hajafa.

Basi wakatunga nyimbo zao wenyewe. Mmoja ulikuwa wa mume aliyehamishwa kituo, mwingine wa ziwa Kisale, mwingine wa kumcheka mke wa ofisa aliyeliogopa jua kuliko mumewe alivyoogopa risasi. Walifanya mazoezi palepale uani, mikono kwenye kinu. Ila waitikiaji ni waitikiaji. Bila mtu wa kuita hawakujua waingie wapi. Wakanipa mimi kazi hiyo. Nilikuwa na sauti nyembamba ya kuudhi, lakini kuita nilijua, na kila nilipomaliza mstari zile sauti tatu zilinijibu kwa pamoja hadi kifua kikanitetemeka. Nasema kweli, sijawahi tena kujiona napendwa kiasi kile.

Fundi wa sauti alipokuja kwa treni kutoka Lubumbashi kurekodi okestra, mkuu wa okestra akawaachia akina mama alasiri moja na mpiga gitaa. Mama alinivalisha gauni la Krismasi. Mlangoni fundi akanitazama, akatikisa kidole: "Batoto hapana! Banaleta makelele." Mama akabembeleza, wapi! Nikabaki nje chini ya dirisha na kipande cha muwa, nikimsikia fundi akiwaambia waimbe moja kwa moja, waache kunyamaza katikati. Mama Kabedi akamwambia mama aite yeye. Mama akajibu kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na hofu, "Miye njo naitikiaka. Nikiita mwenyewe, nani atanijibu?" Basi wakaimba walivyozoea. Kila nafasi yangu ilipofika walinyamaza, gitaa likaendelea peke yake, kisha wakaitikia. Nami kule nje nilikuwa naita kwa kunong'ona, nisije nikawaharibia.

Wakubwa wa redio kule Lubumbashi walipoisikiliza kanda ile waliuliza mwimbaji yuko wapi. Eti kazi haijakwisha. Ikafungiwa kabatini. Mama hakukubali, treni ya Lubumbashi ikiingia stesheni alikwenda kuulizia, na redio yetu hakuna aliyeruhusiwa kuizima. Bibi akafa bila kusikia kitu. Siku za matanga mama alitwanga sombe bila wimbo, na hilo lilinitisha kuliko vilio vya watu. Baadaye baba alihamishwa, Mama Odile na Mama Kabedi wakatawanyika na waume zao, na miaka mingi baadaye mama naye akatutoka, Mungu amlaze mahali pema, akiamini kanda ile ilishafutwa.

Kumbe ilikuwepo, fundi aliitoa kabatini akaihifadhi kwake. Juzijuzi mtoto wa yule fundi aliikuta nyumbani kwa marehemu baba yake, akaitoa vilevile ilivyo, ikawa albamu, na majina ya akina mama watatu yako mbele kabisa. Rafiki yangu alinitumia kwenye simu. Watu wanaisifu, ila zile nafasi tupu zinawashangaza. Mmoja ameandika kwamba ni ufundi wa kisasa. Kisasa! Eh, mama wee, nilicheka mpaka nikalia.

Siku hizi naishi Lubumbashi, ghorofani, nanunua sombe iliyosagwa kwa mashine, na wanangu hawajui kinu kinaliaje. Nina vitu vingi ambavyo mama hakuwa navyo, na ningevitoa vyote nipate alasiri moja tu ya uani kwetu. Jumapili iliyopita nilifunga mlango wa jikoni, nikaufungulia ule wimbo wa ziwa. Gitaa likabaki peke yake. Sauti yangu sasa ni nzito, ya mtu mzima, lakini maneno yalikuwepo yote. Nikaita. Mama akanijibu.