Kikoi Kilicholiwa na Gurudumu

Kuna watu Troyeville, hapa Joburg, mpaka leo wakinikuta nimesimama kwenye robot (ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani) nasubiri kuvuka, wananiangalia kiunoni kwanza ndiyo wananisalimia, na siwalaumu, maana ile picha (aliipiga Tonton Kalala, Mungu amsamehe, mimi bado) imeshazunguka simu za karibu wote wanaosema Kiswahili mji huu. Kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe, kwa sababu mkasa ukisimuliwa na watu unatiwa chumvi, na wangu una chumvi ya kutosha.

Mimi ni fundi cherehani, naitwa Hiza, mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga humuulizi kama anajua baiskeli, ndivyo nilivyomjibu Mzee Rajabu aliponiuliza. Mzee Rajabu ni Mzanzibari, ana duka la viungo mtaa wa Mayfair, na ana binti anaitwa Mwanaidi. Nilikuwa nimetuma watu kwenda kumposa mara mbili, na mara zote mbili wamerudi na neno moja tu, "tutaangalia." Sababu niliijua. Binti yake mkubwa aliolewa hapa hapa Joburg na kijana mgeni kama mimi, mpole, mswalihina, haongei kwa sauti, kumbe kwao alikotoka ana mke, na walikuja kujua mwaka wa tatu. Tangu hapo mzee hamwamini mwanamume yeyote aliyekuja mji huu peke yake.

Na mimi nilikuwa na langu. Mke sina, lakini mtoto ninaye, Zuhura, miaka saba, anakaa Tanga kwa mama yangu, na mama yake mzazi tuliachana kwa salama akaolewa na mwingine. Mwanaidi alijua tangu mwanzo. Akaniambia, "Mwambie baba kwa mdomo wako, Hiza. Akisikia kwa watu, mimi sitakuwa na la kukusaidia." Basi mzee aliponiambia njoo Jumapili tuendeshe baiskeli, tukifika mtoni tutakaa tuzungumze, nikajua siku yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa ujinga wangu unaanzia hapa. Baiskeli niliazima, na mwenye baiskeli akanipa na bukta yake, ile ya kubana yenye kagodoro makalioni. Nikaivaa, nikasimama mbele ya kioo, nikajitazama, nikasema hapana, mkwe hawezi kuniona hivi. Kwetu mbele ya mkwe hata kukaa unakaa kwa adabu, sembuse kumwonyesha mapaja. Nikachukua kikoi cheupe chenye pindo la buluu alichonipa mama siku nasafiri, nikakifunga juu ya bukta, kikateleza, nikafunga tena, kikateleza. Mtu mwenye akili angevaa suruali (chumba changu kimejaa suruali, za wateja, lakini suruali ni suruali). Mimi nikavua, nikakaa kwenye cherehani, nikakishonea kikoi kwenye bukta kiuno kizima, mshono mara mbili, uzi wa jinzi, ule ambao wateja nawaambia nguo itachakaa uzi ubaki.

Asubuhi nikafika Mayfair nimejitanda kama ninakwenda kwenye hitima. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mzee Rajabu, ambaye miaka minne yote nimemwona kwa kanzu tu, na siku hiyo amevaa bukta ya kijani ya kubana, fulana ya kijani ya kubana, tumbo mbele, kofia ngumu kichwani, hana habari. Daktari alimwambia sukari yake imepanda afanye mazoezi, na mzee akiambiwa jambo analifanya lote. Alikitazama kikoi changu kwa muda, akasema, "Haya, tupakie."

Wa tatu wetu alikuwa Tonton Kalala, Mkongomani wa Lubumbashi, mlinzi, anakaa Bertrams, mwenye pikapu iliyotubeba. Yeye hakunyamaza. "Weye fundi, toa ile kikwembe, itaingia mu kinga," akaniambia (kinga kwao ndiyo baiskeli). Nikamwambia mimi mtu wa Tanga. Ningemwambia nini, kwamba nimekishona?

Tulishuka kusini, tukaiacha pikapu pale mji unapokwisha, tukapanda baiskeli, na jamani, sikujua kama nchi hii ina mahali kama pale. Miaka yote nimekuwa nikidhani Joburg ni kuta na nyaya na ving'ora, kumbe ukitoka kidogo tu kuna uwanda wa majani mpaka macho yachoke, majani mekundu-mekundu yanalala upepo ukipita na kuinuka tena taratibu, na pembeni mwa barabara maua membamba ya pinki na meupe yamejiotea yenyewe, maelfu, yanatikisa vichwa kama yanakubaliana na unachowaza. Kwenye vinamasi ukungu ulikuwa haujaamka. Ndege weusi wenye mikia mirefu kuliko wao wenyewe wanaruka kwa shida, wanatua juu ya bua, bua linapinda, wanaruka tena. Hakuna aliyekuwa anaongea. Unasikia mnyororo tu, na pumzi yako, na mbali ng'ombe.

Mimi nikazama. Nikawa namwona Zuhura amekaa kwenye keria nyuma yangu, amenishika kiuno, anauliza haya maua yanaitwaje, nami sijui, namdanganya jina. Nikamwona Mwanaidi mbele yetu. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mzee, moja baada ya jingine, na kila sentensi ilikuwa nzuri kwa sababu hakuna aliyeisikia. Mzee, mimi nina amana Tanga. Hapana, amana atadhani pesa. Mzee, Mungu alinijalia mapema. Kikoi kilikuwa kinapepea nyuma yangu nikakiona hata hicho kizuri, nikajiambia huenda kwa mbali ninapendeza.

Barabara ikaanza kushuka bondeni. Chini kule mto unapita katikati ya miti inayoinamisha matawi mpaka majini, kuna daraja, na kando ya daraja kibanda cha kuuza kahawa na mikate, na mbele ya kibanda waendesha baiskeli wengine si chini ya ishirini, Wazungu watu wazima na vikombe mkononi. Mzee alishatangulia, yupo pale, ameshavua kofia. Niliachia baiskeli ishuke yenyewe. Upepo ule, harufu ya maji ile, nikafumba macho kidogo (kidogo tu, nawaapia) nikasema sentensi nimeipata.

Ndipo kitu kikanishika kwa nyuma. Pindo la kikoi liliingia kwenye gurudumu, gurudumu likaanza kulila, na kikoi cha kawaida kingenitoka kikaenda zake nami nikabaki na bukta yangu salama, lakini hiki kilikuwa na uzi wa jinzi. Hakikutoka. Kilinivuta mimi. Nikashushwa kwenye kiti nikakalishwa juu ya tairi, bukta nayo ikawa inakifuata kikoi, baiskeli ikayumba, ikapita mbele ya vikombe vyote vile, ikalala kwenye majani kando ya daraja nami nimeungana nayo, uso chini, na yale niliyokuwa namsitiria mkwe tangu alfajiri yakielekea angani.

 Mama mmoja wa kibanda akasema, "Ag shame," ndiyo maskini ya watu wa huku, na nikasikia simu ya Tonton Kalala inapiga picha.

Nilijaribu kuinuka, gurudumu likazidi kunibana. Mzee Rajabu akaja, akachutama, akakagua mshono kwa kidole. "Umekishona," akasema.

"Nimekishona, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliona haya mbele yako."

Akatoa kisu cha kumenyea machungwa. Nikasubiri akate. Hakukata. Alikaa kwenye majani pale pale, kisu mkononi, akauliza taratibu kama mtu aliyekaa barazani kwake, "Hiza, Tanga una mke?"

Zile sentensi zote nzuri zilikuwa zimebaki kule juu kwenye maua. Nikasema huku mdomo umejaa majani, "Mke sina, mzee. Mtoto ninaye. Wa kike. Yuko kwa mama yangu. Mwanaidi anajua. Nilitaka nikwambie leo, nilikuwa natafuta maneno."

Mzee akakifuta kisu kwenye majani, upande huu, kisha ule. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ile mpakani mwaka niliokuja. Mto unapita, Wazungu wanajifanya wanakunywa kahawa, Tonton Kalala ameishusha simu anaangalia viatu vyake. Nikasema moyoni, basi, Mwanaidi amekwenda.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Baiskeli anajua?"

"Wa Tanga huyo, mzee."

Akaingiza kisu kwenye kitambaa, akaanza kukata, mshazari, vibaya, mpaka moyo wa ufundi ukaniuma, na bila kuniangalia akasema, "Basi akija, mvalishe suruali."

Alitoa koti lake la mvua la njano kwenye mkoba wa baiskeli akanifunga kiunoni mwenyewe, na nilirudi nalo mpaka Mayfair. Mwanaidi alipofungua mlango akaliona koti la baba yake kiunoni kwangu, alicheka mpaka akakaa chini, na kisha akalia kidogo.

Tumeoana. Zuhura amefika, ana baiskeli, ana suruali nne. Mimi kikoi nakivaa nyumbani, kwa kukunja, bila hata pini, na sikaribii nacho kitu chochote chenye magurudumu. Ila kuna moja limebaki. Mama yangu huniuliza kile kikoi alichonipa kiko wapi, nami namjibu kipo, kipo (na ni kweli, nusu yake ipo). Sasa Zuhura ameshaiona ile picha, na kila Ijumaa anaongea na bibi yake kwenye simu, kwa hiyo nadhani ni bora nimpigie mama mimi mwenyewe, leo, kabla ya Ijumaa.