Pedi Inataka Vidole Gumba

Wiki tatu baada ya kaka yangu kutoka hospitali, nilikaa kitandani na pedi mbovu ya gemu nikichunguza kila kidole changu kinafanya kazi gani. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja kabla, sina ajira, na akili yangu ikikosa kazi hujitafutia yenyewe. Gumba la kushoto linazungusha kijiti, mchezaji anakimbia. Gumba la kulia linabonyeza vitufe vinne: pasi, shuti, krosi, kukaba. Vidole vya shahada vinakaa juu, kwenye vitufe vya kuongeza mbio na kubadilisha mchezaji. Vilivyobaki vinashikilia tu. Nilirudia zoezi hilo mara nyingi, kana kwamba nikilirudia vya kutosha nitapata jibu jingine.

Kaka alikuwa amepoteza gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alikuwa akishusha majora ya vitambaa kwenye ghala moja Kariakoo, bodi la nyuma la lori likaachia na kumwangukia mkononi. Asubuhi ile nilikuwa nimemwahidi kwenda kumsaidia. Sikwenda. Nilibaki nyumbani na barua ya kuomba kazi, nikibadilisha sentensi ya kwanza, nikairudisha ilivyokuwa, nikaibadilisha tena.

Kupoteza kazi ya kushusha mizigo alikukubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kilichomkalia rohoni ni benchi la Ami.

Ami ni mzee wa Kiarabu aliyezaliwa mtaa uleule wenye duka lake, na hakuna anayemwita kwa jina. Mbele anauza kava za simu na chaja. Nyuma ana chumba chenye runinga mbili, mashine mbili za gemu na mabenchi mawili ya mbao. Wabeba mizigo, wauza duka na machinga huingia humo baada ya alasiri kucheza mpira. Sheria ni moja: anayefungwa anaachia pedi. Hakuna kurudia, hakuna kulalamika kwamba kitufe kimeganda. Hata mtoto wa Ami akifungwa anainuka. Kaka alikuwa na siku za kukaa kwenye benchi lile hadi adhana ya magharibi bila kuinuliwa, huku nyuma yake wakitukanana kwa furaha.

"Kipa wako kaenda kuswali?"

"We mbuzi, subiri zamu yako."

"Pisha wenye mpira wao wacheze, wewe rudi kwenye majora!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa kijana mmoja anayetembeza soksi, rafiki wa kaka wa siku nyingi. Mimi akiniona alikuwa akiniuliza, "Msomi, hiyo sivii yako inacheza namba ngapi?"

Baada ya ajali, kaka alikwenda pale mara moja. Alijaribu kubonyeza vitufe kwa kidole cha kati, pedi ikampinduka mkononi. Alifungwa, akaachia, akarudi nyumbani akageukia ukuta.

Hapo ndipo nikaanza kufikiria kompyuta. Aliyebuni pedi aliwaza mkono mmoja tu, wenye vidole vitano, akaumba plastiki kuufuata mkono huo. Ukiwa nao, unasahau kwamba umeshika kitu. Usipokuwa nao, huna pa kuingilia. Kibodi haikumfikiria mtu yeyote. Ni ubao wenye herufi, umelala mezani, hautaki kushikiliwa, na gumba halina kazi kubwa ila kwenye kile kitufe kirefu cha chini. Tena gemu la kompyuta lina ukurasa mzima wa kukuuliza: pasi unaitaka wapi? Shuti unalitaka wapi? Nilishinda kwenye ukurasa huo siku mbili. Niliweka vitufe vya kukimbia upande wa kushoto, na kulia nikapanga kila kitu chini ya vidole vitatu vilivyobaki.

"Kaka, jaribu hivi," nikamwambia, nikamsogezea laptopu yangu ya chuo.

Aliitazama kama mtu anayepewa nguo za marehemu. Lakini alijaribu.

Sikumwambia kasoro, ingawa nilikuwa nimeziwaza zote. Kijiti cha pedi ukikisukuma kidogo mchezaji anatembea, ukiongeza anakimbia, na unaweza kumgeuza upande wowote. Kitufe cha kibodi hakijui kidogo. Kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Wachezaji wa kaka, waliokuwa wakimzunguka beki taratibu kama wanamnong'oneza, sasa waligeuka kwa pembe kama askari wa gwaride.

"Hiki kitu hakina mwili," alisema siku ya kwanza. "Pedi nikikwatuliwa inatetemeka, najua nimeumizwa. Hiki kimenyamaza tu."

"Utazoea."

"Nimezoea mangapi mwezi huu, dogo?"

Lakini kila asubuhi alikaa mezani. Mwanzoni alishindwa kupiga pasi tatu mfululizo. Baada ya mwezi alikuwa akiifunga kompyuta, siku nyingine mabao matatu, na mama alikuwa akichungulia mlangoni na kuondoka kwa kunyata, kwa kuogopa kuharibu. Siku moja kaka akaniuliza kama laptopu inaweza kuunganishwa na runinga ya Ami, yeye atumie kibodi na mpinzani atumie pedi. Nikasema inaweza. Nilijua ameshapanga siku.

Ningeishia hapo. Badala yake nikaanza kupiga picha kichwani: kaka kwenye benchi, anafungwa bao tano, chumba kizima kinacheka, anarudi nyumbani na kugeukia ukuta, safari hii moja kwa moja. Niliiona picha hiyo mpaka ikawa kama jambo lililokwisha kutokea. Kwa hiyo jioni moja kabla hajaenda, nilipita kwa muuza soksi nikamwomba amwachie. Nikawaomba na wengine watatu. Mwisho nikaingia dukani.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Kaka yako vipi?"

Nilipomweleza, aliacha kupanga kava zake. "Mwanangu, humu ndani mtu akifungwa anainuka. Ndiyo maana wanakuja."

"Siku moja tu, Ami. Apate moyo."

Alirudi kupanga kava zake, nami nikajiambia amekubali.

Kesho yake kaka alivaa shati lililopigwa pasi. Nilibeba laptopu na waya. Walitupisha, wakatuwekea kiti cha kuegemeza kibodi, wakampa mkono wa kushoto bila kubabaika. Alimfunga wa kwanza bao mbili kwa moja. Alimfunga wa pili. Nilimwona mgongo ukinyooka, nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa dhati.

Kisha akakaa muuza soksi. Kaka akafunga mapema. Muuza soksi akasawazisha kwa bahati mbaya, nadhani vidole vilimtangulia, kisha akaanza kucheza kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kaka akaongeza la pili. Muda mfupi baadaye muuza soksi alibaki yeye na goli tupu, akapiga nje.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomgeuza kaka kichwa.

"Leo umemeza nini?" akamuuliza. "Mbona hunitukani?"

"Nikutukane nini, kaka. Cheza tu."

"Kaka? Toka lini mimi kaka yako?"

Muuza soksi akainua macho, akanitazama mimi. Haikuchukua hata sekunde.

Kaka aliondoa mikono yake kwenye kibodi, akaiweka magotini. Gemu liliendelea. Wachezaji wake walisimama uwanjani kama nguzo. Muuza soksi alikuwa na mpira, na mbele yake hapakuwa na mtu wa kumzuia.

"Funga," kaka akasema.

Yule mwingine aliuzungusha mpira katikati ya uwanja.

"Si hakuna mtu? Funga basi."

Aliendelea kuuzungusha. Sote tulitazama saa ya kwenye runinga ikienda, dakika baada ya dakika, mchezaji mmoja akizunguka peke yake kati ya watu waliosimama, mpaka filimbi ikalia. Mbili kwa moja. Kaka ameshinda. Muuza soksi aliweka pedi kwenye benchi taratibu na kutoka nje, akachukua soksi zake na kuondoka.

"Nani anafuata?" kaka akauliza, bila kugeuka.

Hakuna aliyesogea. Ami alikuwa amesimama mlangoni na hakutusaidia.

"Dogo. Njoo ukae."

Nilikaa. Nikashika pedi, nayo ikakaa mkononi mwangu barabara, vidole vyote mahali pake, nikaona aibu.

"Wewe utanifunga?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaanza kufikiria. Nikimfunga, nitakuwa nimemnyang'anya benchi mbele ya watu niliowaomba wampe. Nikifungwa, hataamini hata kama nimefungwa kweli. Nikisema ndiyo, atadhani najikaza. Nikisema hapana, basi. Nikatafuta jibu la tano. Kaka alisubiri, kisha akachomoa waya mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaifunika laptopu.

Tulitoka. Mtaani watu walikuwa wakifunga meza zao, nasi tulipita kati ya maboksi, yeye mbele.

"Uliogopa watanicheka," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikwenda nikachekwe, dogo. Mwezi mzima nilijifundisha ili wanicheke."

Nilimwambia nitarudi kwa Ami, nitawaambia wote wacheze kweli, nitamtafuta muuza soksi. Nilieleza kirefu, kwa mpangilio, nitaanza na nani na nitasema nini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Sasa watakuwa wanacheza kweli kwa sababu umewaomba wacheze kweli."

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Hajarudi pale tena. Laptopu ipo mezani, naitumia kuombea kazi.