Kurasa Nilizozichana

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka 1974, saa nne na dakika kumi asubuhi, mjini Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Saa nimeishika kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa imekwisha punde tu katika redio zote za baraza ya fundi Didone, naye akazizima moja baada ya nyingine ili aniulize swali ambalo sijamaliza kulijibu.

Mwanangu, nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda kukata maneno. Lakini hili nitalieleza kwa utaratibu, kabla hujasafiri kwenda kujifunza na hilo daftari lako jipya.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minane, karani wa kupima tumbaku katika ghala moja la Arua. Bao nilicheza tangu utoto, kama kila mtu wa kwetu. Kisha nikanunua sokoni kitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza, kinachofundisha sataranji, ule mchezo wa wafalme wawili wenye malkia, farasi, ngome na askari juu ya ubao wa vyumba sitini na vinne. Nilikisoma miezi minane, kamusi pembeni. Kete nilizichonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Askari wakawa vizibo vya soda. Wenzangu wakanicheka. Mtu mzima, walisema, analala mapema Jumamosi ili aende kusukuma vizibo.

Kitabu kilisema kila mchezo uandikwe, hatua kwa hatua, ili mchezaji ajisahihishe. Nikafungua daftari. Nilicheza na makarani wenzangu na mwalimu mmoja wa mtaa wa Oli, wote nikiwa nimewafundisha mimi. Nikishinda, niliandika kwa wino. Nikishindwa, niliandika vilevile, lakini kesho yake niliuchana ule ukurasa na kuwashia sigiri ya makaa. Sikuona ubaya wowote. Katika bao, mchezo ukiisha tunazoa kete zote kwa mkono, na hakuna anayeuliza zilikuwa wapi.

Fundi Didone alikuwa Mkongo wa miaka sitini hivi, mtengeneza redio, aliyejifunza sataranji akiwa kijana katika shule ya mapadri kwao. Kwa mwaka mzima nilipanda lori kila Jumapili kwenda kucheza naye, na sikumshinda hata mara moja. Nilitaka kumshinda mara moja tu kabla sijafika arobaini. Usicheke. Kuna watu wanaotaka ng'ombe, mimi nilitaka hilo.

Basi Jumapili hiyo nilimpelekea daftari. Lilikuwa na michezo arobaini na mitatu, yote nimeshinda. Nilitaka aone kwamba sasa nimekua. Akalifunua polepole, akapitisha kidole kwenye mshono, mahali zilipobaki ncha za karatasi zilizochanwa.

"Karani," akasema, "ile ulishindwa iko wapi?"

Nikamwambia nimezichana na kuzichoma. Akapanga kete zake, ambazo askari wake nao walikuwa vizibo, nasi tukaanza.

Baada ya hatua chache akaacha ngome yake kwenye kona bila mlinzi. Nikamtuma malkia wangu akaila. Akaacha farasi; nikala farasi. Muuza nyama wa kibanda cha pili, aliyekuwa akitutazama huku akifukuza nzi, akacheka. "Karani, wee nakula kama nzige. Mwachie mzee hata mfupa." Nami nikaona raha. Kisha fundi akasogeza askari mmoja, kizibo kimoja tu, na nilipotazama nyumbani kwangu mfalme alikuwa peke yake, malkia yuko kona ya mbali na tumbo limeshiba. Hatua tatu zaidi, mchezo ukaisha.

"Hii si bao," akasema. "Kwa bao, ile unakula inarudi kwa shamba yako, unapanda tena. Hapa ile unakula imekufa, haina faida kwa wee kama njia ya nyumba iko wazi. Mutu ya bao iko na hii ugonjwa. Mimi pia nilikuwa nayo." Akanirudishia daftari na kalamu. "Zile karatasi zote ulichoma, kosa ilikuwa moja tu. Umechoma dawa mara mingi. Sasa andika hii, hapa, mbele yangu."

Mwanangu, sikuandika. Muuza nyama alikuwa ananitazama. Nikasema lori litaniacha, na lori lilikuwa bado halijajaa hata nusu. Nikaondoka na daftari langu safi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nikiwaambia makarani wenzangu methali hiyo kila nilipowashinda.

Nilikaa Arua miezi minne. Nilijiambia kazi ya tumbaku imezidi, na kweli ilikuwa imezidi, lakini si Jumapili. Nilipochoka na kiburi changu nikarudi Koboko. Katika ile baraza palikuwa na mwanamke anauza chumvi. Nikamwendea muuza nyama. Akaniambia mzee amevuka mpaka, amerudi kwao, hakusema kijiji gani.

"Jumapili tatu alikuwa anapanga ile ubao, anangoja," akasema. "Mimi nasema, huyu harudi. Yeye anasema, karani iko na kichwa ngumu, lakini atarudi."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka, nikafungua daftari, nikajaribu kuuandika ule mchezo. Nilifika hatua ya kumi na moja. Zilizobaki sikuzikumbuka. Nilikumbuka ngome, nilikumbuka farasi, nilikumbuka kizibo, lakini jinsi alivyonifikisha pale, hapana. Mwaka 1979 sisi nasi tulipokimbia vita kwenda Kongo nilimuulizia kwa mafundi wa redio katika soko la Ariwara. Hawakumjua. Nimeendelea kucheza mpaka leo, na bado hula kwanza nikafikiri baadaye.

Mwanangu, ukianza jambo ukubwani, utashindwa mara nyingi kuliko mtoto, na utaona haya kuliko mtoto. Mficha maradhi, kilio humfichua. Andika pale ulipoanguka, siku ileile, kwa mkono wako, hata kama wauza nyama wote wa soko wanakutazama. Ukimpata mtu anayekuonyesha kosa lako, usimwambie habari za lori. Kaa. Yeye pia ana safari yake, na hatakuaga.

Mungu akupe walimu wasiokuchoka, akupe na shingo inayoinama mapema. Uende salama, mwanangu, na daftari lako lirudi nyumbani na kurasa zake zote.